Mimea Uliyomtumia Baba

Ghorofa ya pili, juu ya duka la saa
Tarehe 9, mwezi wa sita

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Wifi yangu hajambo? Kikohozi cha mtoto kimepoa? Na wewe mgongo wako, au bado unabeba mizigo ya watu kama huna akili? Mimi mzima, ila miguu inavimba kwa kusimama na pasi kutwa nzima kule kwa dobi. Habari za Baba nitazifikia polepole.

Kwanza mzigo wako. Ile mimea mitano ya hewani ilifika salama, imeviringishwa kwenye gazeti. Baba aliigeuzageuza, akatafuta udongo mpaka chini ya boksi. Akasema umemtumia vichwa vya mananasi, mananasi yenyewe umekula huko huko. Tulicheka sana siku ile, na sikumbuki kama tumecheka tena.

Nilimsomea karatasi yako. Kwamba mmea huu udongo hautaki, maji unayanywa kwa majani. Kwamba mara moja kwa wiki uuloweke kwenye bakuli kwa nusu saa, maji ya mvua yakipatikana ndiyo bora, kisha uutikise kichwa chini na uuache ukauke upesi, maana maji yakituama katikati unaoza. Mwanga wa dirishani unaupenda, jua kali la mchana linauchoma. Mzee alishika yote. Jumapili asubuhi ungemwita asikusikie, yuko na bakuli lake. Tangu mikono ianze kutetemeka akaacha kazi, sikuwa nimemwona na shughuli inayomwamsha kitandani.

Lakini baba yako unamjua. Fundi umeme wa miaka arobaini hatundiki kitu kwa kamba. Alivuta sanduku lake chini ya kitanda, akamenya waya wa shaba, akafunga kila mmea kwenye kipande cha ubao, mizunguko mitatu mitatu, imebana sawasawa. Kwa mikono ile ilimchukua siku mbili. Ilipendeza jamani. Hata mwenye duka la saa alipanda ngazi kuja kuitazama.

Baada ya wiki sita majani yakawa ya kahawia pale waya ulipogusa. Baba akadhani ni kiu, akazidi kuloweka. Wa kwanza ukafa, wa pili ukafuata, mpaka minne. Ndipo nikageuza karatasi yako. Nyuma kabisa, kwa herufi za sisimizi, umeandika kuwa shaba ni sumu kwake. Unamwandikia fundi umeme, halafu shaba unaificha mgongoni mwa karatasi! Ila sikulaumu peke yako. Mimi nilisoma upande mmoja nikaona nimemaliza.

Kosa kubwa ni langu: nilimwambia. Ningeweza kuufungua waya wa mmea uliobaki akiwa amelala, nikaweka uzi wa nailoni, asijue kitu. Nilikuwa nimetoka kazini nimechoka, mdomo ukanitangulia. Alikaa akitazama viganja vyake, akasema, "Kumbe sasa hata ninachokipenda nakiua." Hakugusa tena mmea. Kesho yake hakugusa chakula.

Huo mmoja nimeufunga kwa uzi, na wiki iliyopita umetoa ua jekundu. Karatasi yako inasema ua hutoka mara moja tu, kisha mmea hukauka taratibu na kuacha vichipukizi ubavuni. Huu wetu nimeupekua, sijaona hata kimoja. Baba kitanda amekigeuza, dirisha liko nyuma yake.

Daktari amekuja mara mbili. Moyo umechoka, na mwenyewe hataki kuusaidia. Daktari alinivuta koridoni akaniambia nijiandae, mwezi wa saba hataumaliza. Nililia kwenye ngazi, nikanawa uso, nikaingia na supu ambayo hakuinywa.

Najua vibali vyako havijatoka, na ukitoka huko leo hutaruhusiwa kurudi kwa mkeo na mtoto. Kwa hiyo sikuiti. Nimeliwaza kila upande, sioni mlango.

Nisalimie wifi, na mbusu mtoto kwa niaba ya babu yake. Shangazi anakusalimu, anasema umekuwa mtu wa barua fupi. Mwenye duka la saa naye anakusalimu.

Limebaki jambo moja, nimelizunguka barua nzima. Juzi Baba alishinda bila kumeza hata maji. Nikamwambia umeandika kwamba unakuja. Akauliza lini, nikasema mwezi wa nane. Alimaliza bakuli zima la supu, akaomba nimnyoe ndevu. Tangu siku hiyo anakula, anakaa kwenye kiti kinachotazama mlango, ananiuliza kama bado unapenda kulala upande wa ukutani.

Ukipiga simu, nakuomba usinikanushe. Akikuuliza tarehe, mtajie yoyote, mradi iwe ya mwezi wa nane. Niliuchagua mwezi huo kwa sababu daktari amesema hataufikia.

Mungu akulinde huko uliko, na atusamehe sote wawili.

Ni mimi dada yako, nisiyechoka kukupenda.