Nyasi za Kumpokea Shangazi

Marahaba, mjukuu wangu Adelina. Salamu zako zimetufikia. Kikohozi kimemwacha bibi yako, na kahawa tumeianika.

Unauliza uanzie wapi kuchora zahanati ambayo mtu mwenye ulemavu ataingia bila shida. Nimefungua shajara yangu ya mwaka niliooa.

Unajua kwetu mgeni wa heshima hutandaziwa nyasi mbichi sakafuni. Siku ya harusi nilizitandaza mwenyewe, nene kama godoro, kwa kuwa shangazi yangu Koku ndiye angempokea bibi harusi ndani. Shangazi alitembea kwa magongo. Alipokanyaga mlangoni, gongo liliteleza, akadaka mwimo wa mlango.

"We mwana, hii ni heshima au mtego?"

Watu wakacheka. Baba mdogo akataka kumbeba.

"Niache! Nimekuja kupokea mke, sikuja kubebwa kama mtoto."

Nikapiga magoti, nikamwuliza nifanye nini. Akanyoosha gongo.

"Fungua njia hapa mpaka kwenye kiti cha bibi harusi. Ongeza upana, mwenzio nina miguu minne."

Nikasogeza nyasi pembeni. Akapita mwenyewe hadi kwa bibi yako, akamkumbatia. Wazee waliomfuata walipita palepale, hata wenye miguu mizima.

Kabla hujachora, mtafute mtu wa magongo, mwende naye kiwanjani. Mimi nilikuwa nimemwandalia shangazi tangu alfajiri, na sikuwa nimemwuliza hata neno moja.

Babu yako,
Nyakatuntu