Jenereta ya Kumpeleka Mama Ziwani

Jumatatu, 3 Juni

Mama ametoa amri. Asubuhi hii, chai bado mkononi, mpira wa oksijeni puani: anataka kwenda ziwani. Si kwenda na kurudi — kulala! Ndani ya trela la kaka yangu, lile la kulala lenye kitanda na dirisha, palepale alipokuwa akipiga kambi na marehemu baba.

Miezi minane hajavuka kizingiti. Mashine yake iko pembeni ya kochi, inavuta hewa ya chumbani, inachuja oksijeni, inampelekea kwa mpira wa mita saba. Jikoni anafika. Bafuni anafika. Mlangoni anasimama, basi.

Nilidhani muuguzi wake atakataa. Hakukataa! Alisema mashine isizimike, tubebe mtungi mdogo wa oksijeni wa dharura, na bila mpira Mama asizidi dakika kumi, tena awe amekaa. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kikishuka chini ya asilimia themanini na nane, arudishiwe mpira hapohapo.

Ziwani hakuna umeme. Kwa hiyo jenereta. Mimi ni mshonaji wa maturubai na viti vya magari, jenereta naijua kwa kelele tu. Lakini hamu imeshaniwasha. Nataka kujua ndani mna nini.

Jumatano, 5 Juni

Nimemwita jirani yetu fundi umeme. Mtaa mzima humwita Voti, nadhani hata mkewe. Aliigeuza mashine ya Mama, akasoma kibandiko cha nyuma: wati mia tatu na hamsini. Friji dogo, mia. Taa za trela, ishirini.

Nikasema basi, mia nne na sabini, tununue ya mia tano. Voti akacheka mpaka akakaa. Kumbe kitu chenye mota kikiwa kinaamka hula zaidi! Friji la wati mia linaweza kutaka mia sita kwa sekunde moja, halafu linatulia kama si lenyewe.

“Kama marehemu baba yako,” Mama akadakia. “Akiamka, mkate mzima. Baadaye siku nzima hana habari.”

Alikuwa mwalimu wa hisabati miaka thelathini na mmoja. Hakuvumilia, akaninyang'anya kalamu na kupiga hesabu nyuma ya kalenda. Birika la umeme likafukuzwa safarini, linakula kuliko vyote. Chai tutachemsha kwa gesi. Voti anasema ya wati elfu moja itabana, ya elfu mbili itapumua.

“Chukua inayopumua,” Mama akasema. “Mmoja wetu apumue vizuri.”

Tukacheka wote. Mimi nilikwenda kumalizia kicheko jikoni.

Tena iwe ya inverta: umeme wake ni laini, haupandi na kushuka. Mashine ya Mama haipendi kuyumbishwa.

Ijumaa, 7 Juni

Dukani na kaka! Jenereta tatu sakafuni. Kubwa yenye magurudumu — kaka akaipenda papo hapo. Eti inawasha kijiji kizima. Nikamwambia hatuendi na kijiji, tunaenda na Mama. Ndogo, ya wati elfu moja, kama begi la shule. Na ya kati, inverta ya elfu mbili, kilo ishirini na moja. Nimeinyanyua mwenyewe. Roli la turubai linaizidi.

Sasa kelele. Mama alishasema: akitaka kusikia injini atabaki hapahapa barabarani, ziwani anataka kusikia maji. Muuzaji akaanza kunitajia namba za desibeli. Namba hizo sizisikii mimi! Nikampigia Mama simu, nikamwomba asome jedwali la kuzidisha la kumi na tatu huku jenereta zikiwashwa mojamoja. Muuzaji alitutazama kama tumerukwa na akili.

Ile kubwa: hatua tano, sisikii kitu. Hatua kumi, nikaokota “tisini na” kitu fulani. Ile ya kati: hatua tatu tu, nasikia kila neno. Mara Mama akasema kumi na tatu mara nane ni mia na sita.

“Mia na nne!” nikapiga kelele.

“Nunua hiyo,” akasema, akakata simu.

Jumapili, 9 Juni

Nitaandika tu.

Leo tulifanya majaribio uani. Kaka alibeba mashine mpaka kwenye trela, Mama akafuata taratibu na mtungi, akaingia, akakaa kitandani. Miezi minane! Alikuwa anagusagusa mapazia kama mgeni. Jenereta nikaiweka chini ya dirisha. Kwa nini isiwe hapo? Ni kimya, waya ni mfupi, naiona vizuri. Nilijiona fundi. Nilishawaza na kuishonea kofia ya turubai.

Voti akapita getini, akaona. Hakusalimia. Alikimbia, akaizima, akafungua milango yote, akatuamuru tumtoe Mama nje.

“Mashine inavuta hewa ya wapi?” akaniuliza.

Ya chumbani. Na chumbani dirisha lilikuwa wazi, juu ya bomba la moshi. Sumu ya moshi huo, kaboni monoksidi, haina hata harufu. Nikamwonyesha kipimo cha kidoleni, tisini na nne, kizuri kabisa — akasema hicho hakiioni sumu hiyo, kinaweza kukudanganya mpaka mwisho. Tukamkimbiza Mama kwa daktari.

Zahanati wamempima damu. Yuko salama. Ilikuwa dakika tano au sita tu. Daktari alipomuuliza, Mama akakiri kichwa kilikuwa kimeanza kuuma kidogo.

“Mbona hukusema, Mama?”

“Nilidhani ni furaha.”

Nilichagua kwa masikio, na ukimya wake ndio ulionifanya niisogeze karibu. Ile kubwa ningeiweka mbali kwa kukereka tu. Nimekaribia kumuua mama yangu kwa sababu haikupiga kelele.

Jumatatu, 10 Juni

Kaka anasema safari imekufa. Sikumbishia. Mama kageukia ukuta, hatusemeshi. Jenereta nimeifunika.

Jumanne, 11 Juni

Nimekuta karatasi chini ya kikombe changu. Mwandiko wa ubaoni uleule: “Jenereta ikae hatua ngapi kutoka dirishani? Upepo uwe upande gani? Onyesha njia. Alama kumi.”

Nimelia, kisha nimekwenda kwa Voti.

Njia ni hii: waya mnene wa mita thelathini, mwembamba ungepoteza umeme njiani. Ukunjuliwe wote, ukiachwa kwenye roli unapata joto. King'ora kidogo cha kunusa sumu, kando ya kitanda. Bomba la moshi ligeukie mbali nasi, upepo utoke kwetu kwenda kwake. Upepo nitauona kwa kipande cha turubai kwenye kijiti. Nimeshona vitatu, vyekundu.

Mama kanipa tisa. Moja kakata kwa mwandiko mbaya.

Jumamosi, 15 Juni — ziwani!

Tumefika. Jenereta iko hatua arobaini kutoka hapa, nyuma ya kichaka, hata kuisikia lazima utege sikio. Vijiti vyote vitatu vinaelekeza kule. King'ora kimya. Friji limeamka, limekula, limelala. Kila kitu kimekubali!

Isipokuwa mpira.

Tulipima waya, petroli, upepo, kelele. Hakuna aliyepima mpira. Mchanga ni laini, trela limegoma kusogea, na mita saba zimeishia hatua tano kabla ya maji. Mama alisimama hapo, mpira umenyooka, akatazama mbele. Palikuwa kama mlangoni kwetu.

Nikatoa mtungi. Akakataa: wa dharura ni wa dharura, akiutumia kwa raha atautafuta siku ya shida. Akavua mpira mwenyewe, akanikabidhi.

“Dakika kumi. Wewe shika saa.”

Kaka akambeba na kiti chake mpaka majini. Miguu yote miwili ndani! Nimekaa hapa mwisho wa mpira, daftari gotini, saa mkononi. Kaka ananionyesha kipimo kwa vidole.

Dakika ya tatu. Tisini na mbili.

Dakika ya sita. Tisini. Anaongea peke yake, au na baba. Anacheka.

Jenereta inafanya kazi kule nyuma, mpira unanipulizia kiganjani. Wati elfu mbili, na hewa yote ninaipata mimi.

Dakika ya nane. Themanini na tisa.

Dakika ya tisa. Kaka haonyeshi kitu. Mama amekifunika kipimo kwa mkono wa pili. Kaka ananitazama mimi.

Nimesimama. Mama ameinua mkono bila kugeuka — sijui ananiita au ananiambia nisubiri. Daftari naliweka chini, mtungi nauchukua.