Divai Niliyoitia Sukari

Mujukuu wangu Furaha,

Hapa Mabanga tunapumua, Mungu asifiwe. Mutoto wangu ameanza kusimama, anashika ukuta na kucheka. Unaniita koko, yaani bibi, kwa ukoo tu, kwa umri tungekaa benchi moja, lakini umeniuliza na nitakujibu.

Unasema patron wako wa restora unamofanya kazi huko Kisangani anataka ujue divai, na ile nyekundu inakukaza ulimi. Mwaka nilioolewa, siku ya kumaliza matanga ya baba mukwe, nilipewa kazi ya kuimimina. Nilipoionja, nikadhani imechacha kama kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Niliogopa familia itasema bibi-arusi ameharibu matanga, nikatia sukari kwa siri.

Mama mukwe, aliyewapikia mapadri miaka mingi, akaonja.

“Nani ametia sukari?”

“Ni mimi, mama.”

Wageni wakageuka kunitazama. Akanieleza polepole: nyekundu hulazwa pamoja na maganda ya zabibu, ndiyo maana inakaza, nyeupe hukamuliwa kwanza, ikalazwa bila maganda, ni nyepesi, tamu imebakiwa na sukari ya zabibu zenyewe.

“Kukaza si kuharibika, mutoto wangu. Siku ingine uniulize.”

Kisha akanywa glasi yote, na sukari yake, mbele yao. Siku hiyo nilijua nimekuwa wa nyumba ile.

Nawe uliza tu, Furaha.

Koko yako,
Mama Baraka