Gunia Nimelifumua, Baba

Baba,

Nimekataa. Naanza na hilo kwa sababu wewe hukupenda mtu wa kuzungusha maneno. Ulikuwa ukisema anayeanza na habari za mvua ana jambo amelificha. Mimi sikufichi. Kazi uliyonituma pale wodini, wiki ile ya mwisho, sitaifanya.

Agizo lako nalikumbuka neno kwa neno. Ulikuwa huwezi hata kushika kikombe, lakini mbwa hukumsahau. Ulinishika mkono, Baba Mdogo Ezekieli amesimama kando na kofia yake kifuani, ukasema, "Tomi akizaa, bakisha madume. Majike wapeleke mtoni kabla hawajafungua macho." Halafu ukageukia ukuta. Sasa ndugu yako amelishika neno hilo kama wasia wa shamba. Kila Jumapili akitoka kanisani anapanda kuja huku Kileleshwa, anaketi kwenye kigoda chako, anakunywa chai yangu na kunikumbusha. Chai anaimaliza kwanza, hiyo hakosei.

Nikupe habari kidogo, halafu tugombane vizuri.

Aproni yako naivaa mimi. Tulipotoka kukuzika nilirudi hapa kuchukua vitu vyako tu, nirudi nyumbani kwa Mama. Nikamkuta Madam, bosi wako, jikoni, amesimama mbele ya jiko kama mtu aliyepotea njia. Unamjua, shule nzima inamtetemekea, lakini yai linamshinda. Akaniuliza ni nani atakayewapikia wageni wake Jumamosi. Nikamwambia ni mimi. Akaniangalia kutoka juu mpaka chini, maana wapishi wote wa barabara hii ni wanaume, akasema tutaona. Wageni waliomba mchuzi mara ya pili. Basi nikabaki, na kota yetu, hiki chumba cha uani, ikabaki nami. Mkanda wa aproni nauzungusha mara mbili. Wapishi wa majirani walinicheka mwezi wa kwanza, sasa wanakuja kuniuliza unaweka nini kwenye ile nyama yako ya Krismasi. Siwaambii.

Na Tomi ana mimba. Au niseme anazaa, kwa sababu tangu asubuhi amekataa chakula na anahema. Naandika nimekaa sakafuni karibu naye. Chai ya Madam ni saa kumi, kwa hiyo nina muda.

Ilikuwa aibu, Baba. Si wewe uliyempa jina la Tomi ili watu wasiulize? Miaka mitatu mtaa mzima ulijua ni dume. Hata mimi niliyejua ukweli nilikosea. Nilimwona ananenepa, nikasema huyu tangu Mzee atuache amekuwa mlafi, anaiba mandazi ya askari anayelinda lango la jirani. Nikampunguzia ugali! Wiki mbili nzima nilimnyima mama mjamzito chakula, naye ananitazama tu. Mpaka siku moja Mama Njeri, yule anayeuza sukuma wiki hapa langoni, alipotua kikapu chake akamwangalia vizuri, akauliza, "Huyu Tomi wenu atazaa lini?" Askari wa jirani alicheka mpaka akakaa chini. Mimi niliingia ndani nikamwomba Tomi msamaha. Ndiyo, mbwa. Tangu siku hiyo anakula supu ya mifupa na uji wa maziwa, na mimi nakula kilichobaki.

Usidhani sijui sababu yako. Nani hapa Nairobi hajui? Dume anapata kwake hata kabla hajaacha kunyonya. Jike ni wa gunia. Akishakua na msimu wake wa kutaka dume ukifika, madume wa Kilimani na Hurlingham, na wale wasio na mwenyewe wa Kawangware, wote watapiga kambi uani, wapigane na kulia na kuchimba. Walimfuata Tomi safari hii pia, mimi nikiwa nyumbani kwenye matanga yako, na mawaridi ya Madam walilala juu yake. Aliniita sebuleni akaniambia kwamba wakirudi tena, mimi na mbwa wangu tutafute pa kwenda. Hakupandisha sauti, na hapo ndipo nilipojua kwamba anasema kweli. Kwa hiyo sichezi. Nikiwaacha majike waishi, naweza kuamka siku moja sina kazi na sina chumba, na ni wewe uliyekaa chumba hiki miaka kumi na minane.

Ulilijua hilo. Nimelifikiria sana nikiosha vyombo, na naamini uliniogopea mimi. Ulikuwa unakufa na bado unanitafutia pa kulala. Nimekuelewa, Baba, na nimelia juu ya hilo, usifikiri sikulia.

Lakini mimi nilikuwepo siku ile.

Wazungu waliokaa nyumba hii kabla ya Madam walikuwa wanafungasha kurudi kwao. Mbwa wao mkubwa alikuwa amezaa. Wakachagua madume wa kuwaachia marafiki, na waliobaki ukapewa wewe ndani ya gunia, kama unavyopewa maganda ya viazi. Uliniambia nibaki, nikakufuata. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nimekuja kukaa nawe hapa, nikajificha juu pale njia inapoteremka kwenda mto Kirichwa. Nilikuona mgongo tu. Ulisimama muda mrefu mpaka nikadhani umeumwa. Uliporudi kupanda, gunia halikuwepo na koti lako lilikuwa limevimba upande mmoja, linadondosha maji. Ulinikuta pale njiani na hukunikaripia. Nilikuuliza kwa nini huyu mmoja. Ukasema, "Huyu alininyonya kidole."

Huyo ndiye Tomi. Tulimlaza kando ya jiko la makaa, nikawa namtonea maziwa mdomoni kwa kitambaa mpaka akashika nguvu. Na wewe tangu siku ile hukupita tena njia ya mtoni. Ukienda kanisani ulizunguka kote barabarani, hata kwenye mvua, ukasema kule chini kuna mteremko na magoti yako yanauma. Magoti gani, Baba? Ulikuwa unapanda ngazi kupaka rangi dari la Madam. Wale wengine ndio waliokufanya uzunguke, na hukuwahi kuniambia walikuwa wangapi, wala mimi sikukuuliza.

Sasa niambie, unanitumaje kazi iliyokushinda wewe mwenyewe?

Jumapili iliyopita Baba Mdogo alikuja na gunia. Alilikunja vizuri kwapani pamoja na Biblia, jamani, kwapa moja. Akasema siku ikifika nimwite, kama moyo wangu ni mwepesi atafanya mwenyewe. Nikamwambia hakuna atakayefanya. Akaweka kikombe chini, akanipa ile yake: "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Nikamjibu, "Guu ni langu, Baba Mdogo. Liache livunjike."

Akakisukuma kikombe kando. Halafu akaanza, kwamba katika ukoo wetu hajawahi kuona msichana anayemjibu marehemu, kwamba shule ndiyo imeniharibu, kwamba kama ungekuwa na mtoto wa kiume neno lako lingekuwa na mtu wa kulibeba. Hapo ndipo nilipopandwa na hasira. Unajua alichosema nilipozaliwa, au umesahau? Mama alinisimulia. Nilikuwa wa nne, na ndugu yako huyu huyu alifika mlangoni akasema, tena msichana? Nawe ukamwambia uji wa mzazi umeiva, akitaka kunywa aingie, akitaka kulia akalilie nje. Watu walikushauri uoe mwingine. Ulituvalisha sare, ukatupeleka shule wote wanne, na uliporudi likizo ulitutaka tukusomee gazeti kwa zamu, mpaka yule dada yetu wa pili mwenye kigugumizi. Mwanamume aliyefanya hayo, ananiagiza nichague nani wa kuishi kwa kumwinua mkia? Pale wodini sikuitikia, na leo sikubali. Nilimwambia Baba Mdogo haya yote, na pengine sikuyasema kwa adabu inayotakiwa. Aliondoka akiwa amebakisha chai nusu kikombe, na gunia akaliacha mlangoni makusudi.

Nilichukua wembe nikalifumua. Nyuzi zote, pande zote mbili, mpaka likawa kitambaa tu. Nikaomba boksi la mbao la majani ya chai kutoka stoo ya Madam, nikalikata upande mmoja uwe chini ili mama apite bila kugusa matiti, nikatandika lile gunia, juu yake shuka zako kuukuu. Nililiweka nyuma ya mlango pasipo na upepo. Nilijisifu sana. Tomi akaingia, akazunguka mara tatu, akatoka, akaenda kulala chini ya kitanda chako. Nikamrudisha. Akatoka. Tulibishana hivyo siku mbili, ana kichwa kigumu, sijui alikipata kwa nani. Mwishowe niliinua kitanda juu ya matofali, nikasukuma boksi chini yake, akakubali.

Na nimetembea, Baba. Kila Alhamisi nikiwa na ofu, siku yangu ya kupumzika, nimepita milango ya nyuma ya Kilimani yote mpaka maduka ya Hurlingham, nikiuliza nani atachukua mbwa jike. Wapishi wenzako, watu uliokula nao, wote jibu ni moja: dume nipe leo, jike hapana. Nilirudi miguu imevimba. Wa kwanza kukubali ni Mama Njeri. Nilianza kumweleza kwa kuzunguka zunguka, akanikata: "Niletee jike. Madume nimelisha ya kutosha." Halafu muuguzi mmoja anayeishi peke yake kule Kilimani akakubali, na fundi viatu wa Hurlingham, ambaye alifikiri muda mrefu kwanza. Hizo ni ahadi tatu. Wakizidi watatu nitatembea tena. Na Madam nimemwambia ukweli wote asubuhi hii nikimpelekea mayai, kwamba nitawalea wote mpaka wapate kwao, na msimu wa Tomi ukifika nitamfungia humu ndani na mimi. Amesema tutaona. Alisema hivyo hivyo kuhusu mchuzi.

Kwa hiyo ukiwa na kesi nami, njoo ndotoni kama wazee wanavyokuja. Njoo wewe mwenyewe, usimtume Ezekieli. Nitakusalimia kwa heshima zote, nitakupa kigoda chako, na nitakujibu haya haya.

Ngoja, Baba.

Nimeacha kalamu kidogo. Mikono yangu imelowa, utanisamehe karatasi. Wa kwanza ametoka. Tomi alinitazama kama anauliza ni kitu gani hiki, halafu akajua, akaanza kumlamba, naye akalia kisauti chembamba. Nimempangusa pua tu. Hajambo. Wa pili yuko njiani, naona tumbo linajikaza, na maji ya chai ya Madam hata sijabandika.

Siwezi kuandika zaidi. Pumzika, Baba yangu. Sina mwingine niliyempenda hivi, na ndiyo maana imenichukua miezi hii yote kukwambia hapana. Kaburi lako nitakuja kulipalilia mwezi wa Desemba, mimi na dada zangu wote. Na nakuahidi jambo moja. Katika chumba hiki hakuna mtoto atakayeinuliwa mkia mpaka afungue macho yake na kutuona. Ndugu yako akija Jumapili na kuniuliza ni wangapi madume na wangapi majike, nitamwambia sijui, na nitakuwa nasema kweli. Huyu wa kwanza amelala hapa kwenye kiganja changu, Baba, na sijaangalia.

Binti yako,
Rispa