Mjerumani na Mbelgiji

Jumatatu, 3 Machi

Nimepika tena sufuria kubwa ya chenga za mchele na dagaa, kama nyumba yenye msiba. Mbwa wawili wanakula kuliko mimi na mama mkwe.

Mume wangu Anton amewaleta juzi kutoka Sanje, kwa mtu anayefuga mbwa wa kizungu. Jike ni jamani shepadi, mbwa wa Kijerumani. Dume ni wa Ubelgiji, jina la mbegu yake linanishinda. Nawaita Mjerumani na Mbelgiji. Masikio yale yale, pua ile ile, rangi ile ile ya udongo. Mjerumani ana mgongo mweusi na mwili mzito. Mbelgiji ni mwembamba, mweusi usoni, hatulii. Tumekubaliwa kukaa nao mwezi huu, kisha tubaki na mmoja.

Anton anamtaka Mbelgiji. Ameangalia video zake mpaka bando limeisha. Wezi wamebeba pikipiki ya jirani, naye Anton yuko Uchindile kwenye mashamba ya miti, anarudi mwisho wa mwezi tu. Ameacha amri: mchana mbwa wafungiwe bandani gizani, wasizoee watu, usiku wafunguliwe. Ndivyo mbwa anavyofanywa mkali. Hapa Kibaoni mtaa mzima wanafanya hivyo. Sikubisha.

Alhamisi, 6 Machi

Mama mkwe ameniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nimemjibu. Baada ya chai ameuliza tena.

Kila asubuhi anataka kwenda shamba, lile la ng'ambo ya mto. Liliuzwa baba mkwe alipofariki. Mbwa wetu wa kienyeji, aliyekufa Januari, alikuwa akitoka na mama na kurudi naye. Tulidhani anazurura. Alipokufa ndipo tulipojua kwamba alikuwa kazini.

Nina cherehani barazani na nguo za watu. Siwezi kushona huku nimemshika mama mkono. Anton anasema mbwa ni wa kuzuia wezi. Mwizi akija atabeba kitu. Mama akitoka tunampoteza mtu. Nimechoka, na naogopa.

Jumatano, 12 Machi

Mama amepotea. Amepatikana.

Alfajiri niliwafungia mbwa kama nilivyoagizwa, nikawasha moto wa chai. Nilipompelekea maji ya kunawa, kitanda kitupu. Geti wazi. Mzee Salimu wa dukani alimwona wakati anatoka msikitini. "Nimempa shikamoo, kaitikia vizuri kabisa. Kasema anawahi pantoni."

Pantoni haipo tangu daraja lijengwe. Nikapanda bodaboda.

Tulimkuta chini ya daraja, amekaa juu ya kanga, miguu ndani ya maji. Mto umejaa. Kuna mamba. Magari yanapita juu ya kichwa chake, yeye anangoja chombo cha kumvusha. "Mwanangu," akaniambia, "leo wamechelewa sana."

Nimelia mbele ya kijana wa boda. Sikuona aibu.

Na mbwa wawili wako nyumbani, gizani, wanafundishwa ukali.

Alhamisi, 13 Machi

Nimefungua banda mchana. Sijamwambia Anton. Habari ya mto pia sijamwambia. Yuko porini, atafanya nini?

Jumapili, 16 Machi

Nimewatazama mbwa tangu tutoke kanisani.

Mbelgiji amepasua wavu wa kuku, ametafuna kandambili yangu, amekimbiza pikipiki mpaka kona. Nikimshika kamba ananiburuta. Si mbwa mbaya. Anataka kazi kutwa nzima, nami sina kazi ya kumpa. Mama hamwoni kabisa, anampita kama upepo.

Mjerumani analala. Nilidhani mvivu. Lakini mama akisimama, naye anasimama. Leo mama alifika getini, mbwa akajilaza mbele ya geti. Mama akazunguka, mbwa akazunguka. Mama akamtukana kwa Kindamba, matusi ambayo sikujua kama anayo. Mbwa hakusogea. Mama akachoka, akakaa chini pembeni yake, akaanza kumtoa kupe.

Nimecheka peke yangu. Halafu nikakumbuka kwamba mwenye uamuzi ni Anton.

Ijumaa, 21 Machi

Kuna mtu kampigia Anton kumwambia mbwa wanazurura uani mchana. Umbea hauna likizo. Amefoka kwenye simu. "Unaniharibia mbwa. Huyo Mjerumani sasa si atamkaribisha mwizi chai?" Tena anasema anayebaki ni Mbelgiji, ameshamwambia mtu wa Sanje.

Nimemwambia basi aje amlinde mama yake mwenyewe. Nikakata simu. Habari ya mto ilifika mdomoni, nikaimeza. Najuta kukata. Sijuti kusema.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua. Nguo za kipaimara hazijaisha. Mama ameniuliza mume wangu, yaani Anton, alikufa lini.

Jumamosi, 29 Machi

Anton aliingia jana jioni na mfuko wa viazi mabegani. Mbelgiji akamrukia, akamlamba mikono. Anton akafurahi. Akaenda barazani kumwamkia mama, akainama amshike miguu. Mama akajivuta nyuma. Mjerumani akasimama katikati yao, akaunguruma. Sijawahi kumsikia akiunguruma.

"Mama, ni mimi. Anton."

"Anton yuko shule," mama akamjibu kwa upole. "Ngoja hapo, baba, jioni atarudi."

Anton akabaki amesimama na viazi vyake. Nilimhurumia kuliko siku zote za ndoa yetu. Baada ya kula nikamweleza habari ya mto, yote. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Leo asubuhi amemrudisha Mbelgiji Sanje mwenyewe. Hapa mtaani mbwa hupewa jina la kusema watu, naye alikuwa ameshaandaa la kuwasema wezi: Mtajuta. Ameliacha. Amesema jina atoe mama.

Jumapili, 6 Aprili

Mvua kutwa. Mama hajatoka.

Jina ametoa. Anamwita mbwa Anton. Jike, na bado Anton.

Kumpa mbwa jina la mtu ni tusi. La mwanao mwenyewe, sijui niliite nini. Nilitaka kumkataza. Lakini anamwita taratibu, anamwambia afute miguu asiingie na tope, anamuuliza leo wamefundishwa nini. Mbwa anaitika. Nikashindwa.

Jioni Anton akapiga simu. Akauliza mama, akauliza mto, akauliza mbwa kapewa jina gani. Nikasema bado.

Mama alikuwa nyuma yangu. "Anton," akaita, "njoo ule mwanangu, chakula kinapoa." Kucha za mbwa zikasikika sakafuni.

Kwenye simu nilisikia mvua ya huko Uchindile.

Kisha akauliza kama banda linavuja. Nikamwambia mbwa halali bandani siku hizi, analala chumbani kwa mama.

Akasema sawa.