Mfuko wa Udongo wa Baba

Kwa dada yangu Mibtahia, huko milimani Yuda,

Mwenye mbingu akupe amani, wewe na shemeji na wapwa wangu wote. Sisi huku Babeli, kando ya mfereji wa Kebari, tu wazima, ila mgongo wangu umeamua kuzeeka kabla yangu. Mizeituni imezaa? Na kile kisima cha nyuma bado kina maji?

Barua yako ilifika Baba akiwa na mwezi mmoja kaburini. Umeomba nikurudishie ule mfuko wa ngozi wenye udongo wa shamba letu, aliouchota siku sisi tulipochukuliwa mateka nawe ukabaki, uumwage huko ili walau kitu chake kilale na babu zetu. Mfuko unao sasa. Lakini usiumwage kabla hujasoma hadi mwisho.

Unajua alivyokuwa. Kila asubuhi aliumwaga udongo ule juu ya mkeka chini ya mtende, akapiga magoti juu yake akielekea magharibi, kisha akauzoa wote. Alituambia hii ni nchi ya miungu wengine, na Mungu wetu hamsikii mtu asiyegusa ardhi Yake. Jirani yetu Nidintu, Mbabeli mwenye mdomo, alikuwa akimtania: "Mzee, leo Mungu wako katoka mfukoni?" Baba aliendelea kuzoa udongo wake. Mimi nilicheka, kisha nikaona haya.

Mwaka wa nane wa uhamisho wetu mfereji ulipasuka. Baba alikuwa na wenzake wakiziba ukingo, akanitumia neno nipandishe mfuko darini. Nikatanguliza mbegu za shayiri, halafu mbuzi. Niliporudi, maji yalinifika kiunoni na mfuko ulikuwa unaelea, mdomo wazi, hauna kitu. Niliogopa, dada. Maji yalipopungua nikachota udongo wa ukingoni, nikaukausha, nikauchanganya na changarawe ufanane na wa kwetu. Baba akaumwaga, akaupapasa kwa muda mrefu, akapiga magoti. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekwenda miaka kumi na tisa.

Tangu siku ile maombi yake yalibadilika. Akaanza kuombea mfereji, shayiri ya watu wa hapa, hata jino la Nidintu lililokuwa likimsumbua. Nilidhani ni uzee. Kila nikimsikia moyo uliniuma, maana niliona anamwita Mungu asiyeweza kumsikia, na aliyemkatia njia ni mimi. Mimi mwenyewe niliacha kuomba. Ningeombea wapi? Nilikuwa nikiwahi shambani ili nisiisikie sauti yake, nayo ikanifuata huko. Hata sasa naisikia, na chini ya mtende hakuna mtu.

Siku yake ya mwisho aliniita, akanishika mkono. "Shelemia," akasema, "nimelima tangu utoto. Ulidhani siujui udongo?"

Nililia kama mtoto. Akanieleza kwamba asubuhi ile alitaka kunichapa, ila magoti yalikuwa yameshagusa chini na jina la Mungu limeshamtoka kinywani, naye akajua amesikiwa, kama mtu anavyojua kuwa amefunguliwa mlango. Hapo ndipo alipoelewa kuwa mwenye nchi ile ndiye mwenye hii, na kwamba mfalme wa Babeli naye ni mpangaji tu. Hakuniambia kwa hofu kwamba nitaona haya. Kisha akaniuliza, "Na wewe mwanangu, miaka yote hii umekuwa ukiomba wapi?"

Alikata roho akiwa bado ananitazama.

Basi huo ni udongo wa Kebari, dada. Nilitaka kuutuma nikae kimya, nikashindwa. Uumwage au uutupe, ni juu yako. Yeye angesema kote ni Kwake. Nisamehe ukiweza.

Mkeka wake bado uko palepale, umechakaa mahali pawili palipokuwa magoti yake. Kila asubuhi naenda hadi hapo, nasimama, kisha narudi ndani. Niombee, maana mimi bado sijaweza.

Msalimie shemeji, na watoto uwabusu kwa ajili yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Shelemia