Njia ya Pili ya Simu

Plovdiv, mwanzoni mwa Desemba

Dada yangu Nevena,

Nakusalimu kwa mapenzi mengi. Mgongo unaendeleaje, na shemeji amepona kikohozi? Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio umechoka.

Uliniuliza habari za kazi. Ule mfumo wa kupokea simu za magari ya wagonjwa tumeukabidhi. Wewe unadhani nikishauchora nimemaliza. La, dada. Msanifu hukaa na wanaoujenga mpaka mwisho, na panapohitajika kusema hapana, ni yeye anayesema.

Niliyemwambia hapana ni Krum, maana ndiye aliyewaongoza watengenezaji programu. Tulikuwa tumekubaliana kwamba mtandao ukikatika, simu zipite kwa redio za mawasiliano. Siku ya kukabidhi ilipokaribia, Krum akaiacha njia hiyo ili tuwahi. Mbele ya wenzake wote nikasema sipitishi. Akacheka kwa uchungu: "Zdravka, watu wanataka kibanda, wewe unawajengea kanisa!" Nikamjibu, "Na kibanda chako kikianguka, mgonjwa utamwambia nini? Kwamba ulikuwa na haraka?" Watu wakainamisha vichwa. Ningeweza kumwita kando, nikamweleza kwa upole. Sikufanya hivyo.

Aliijenga njia ile bila kunitazama usoni. Tulipokabidhi, akaacha kazi.

Juzi theluji iliangusha nyaya huko kwenu Smolyan. Simu zote zikapita redioni. Mama mmoja mjamzito alifikiwa mapema, akajifungua salama. Mkurugenzi akaleta banitsa, pai ya jibini ya moto, wakanipigia makofi, nami nikaenda kulia chooni.

Kwa sababu kuna jambo sijakueleza. Umeandika kwamba mama ameanza kushona mapazia ya nyumba yetu mpya. Mwambie aache. Krum aliponivisha pete, nilimwomba arusi isubiri mpaka tukabidhi mfumo. Alisubiri. Tulipokabidhi, akaomba nimrudishie pete yake. Alisema, "Kazini ulikuwa sahihi, Zdravka, sibishi. Lakini umenivua nguo mbele za watu. Jioni nitarudije nyumbani kwako?" Sasa yuko Vienna. Nampigia, hapokei.

Wabusu wanao, Lilyana na mdogo wake, na shemeji mpe salamu zangu. Mama mwambie wewe, tafadhali. Mimi nikijaribu, sauti itanikatika.

Mdogo wako akupendaye,
Zdravka